Grafu ya OTDR si cheti cha kazi safi

Siku hizi mteja anayevutiwa faiba ofisini humuuliza fundi swali moja: "OTDR umepiga?", yaani mashine inayokagua uzi wa faiba na kuchora grafu yake. Aliyekuja na pawa mita (kipimo cha nguvu ya mwanga) na chanzo cha mwanga tu huonekana mbabaishaji. Nadhani anaonewa.

OTDR ina kazi yake. Hurusha mapigo ya mwanga ndani ya uzi, kisha husoma kiasi kidogo kinachorudi. Tingatinga la wajenzi wa barabara likikata mkongo kilomita 14 kutoka kituoni, mashine hiyo ndiyo itakayokwambia ukafukue wapi. Hapo haina mpinzani.

Ila inachosoma ni mwangwi. Upotevu wenyewe inaukadiria tu. Unga nyuzi mbili ambazo viini vyake, yaani sehemu ya katikati inayopitisha mwanga, vimetofautiana kidogo. Ukipima kutoka upande huu, kiungio kinaonekana kimepoteza desibeli (kizio cha upotevu wa mwanga) 0.25. Hamia upande wa pili, grafu inapanda: eti mwanga umeongezeka kwa 0.15! Kiungio hakizalishi mwanga, jamani. Hesabu halali ni wastani wa pande zote mbili, yaani upotevu wa 0.05, kiungio safi kabisa. Mwenye ripoti ya upande mmoja atavunja kiungio kizuri na kuacha kingine kibovu. Tena, fundi asipotanguliza uzi wa ziada mbele ya mashine, konekta (kichwa cha kuchomekea) ya kwanza haipimiki, na uchafu hupenda kukaa hapo hapo.

Pawa mita haina mbwembwe: ulioingia, toa uliotoka. Njia ya kilomita 20 kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 itakula takriban desibeli 4 za uzi, labda nusu desibeli ya viungio na desibeli moja ya konekta mbili. Ukisoma 9, kazi haijaisha, grafu ipendeze isipendeze. Rudia kwa 1310. Upotevu wa 1550 ukiupita wa 1310, shuku uzi uliopindwa mno.

Kweli, pawa mita haisemi tatizo liko kilomita ya ngapi, na fundi asiyeisawazisha na waya wake kabla ya kupima ataandika uongo. Kwa hiyo njia ndefu inahitaji vyote viwili, na grafu za pande mbili zihifadhiwe kusubiri siku ya tingatinga. Lakini kwa jengo lenye nyaya za mita 60, fedha ya OTDR ningeiweka kwanza kwenye darubini ya konekta na vifaa vya kuisafishia. Kiini ni mikromita 9. Chembe moja ya vumbi inatosha kukiziba.