Mangi, Hawaji!

Sasa nauliza, ni nani aliyepanga kwamba mechi ya Ulaya ikifika mapumziko, robo saa nzima mimi niuziwe gari? Jana nimekaa kibanda umiza, nimelipa changu, benchi lenyewe lina msumari, natazama gari linapanda mlima wa theluji na halina hata tone la tope. Dereva anatabasamu. Anatabasamu nini? Hakuna foleni, hakuna trafiki, hakuna shimo, hakuna anayemgongea kioo kumuuzia karanga. Tangazo la nje utalijua kwa kitu kimoja: hakuna anayeuliza bei. Mtu anapewa gari, anapewa bia, anapewa dawa ya meno, anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana, na hasemi hata mara moja, "Punguza kidogo, kaka."

Kipindi cha pili kilipoanza, umeme ukakatika. Matangazo tuliyaona yote.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Nimekaa masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, nimebeba majalada ya waongo wa kila saizi, na nawaambia hawa wenzetu wameshajua siri: uongo mdogo unakupeleka kizimbani, uongo mkubwa unakupeleka kuchukua tuzo. Tangazo la Old Spice la 2010, mwanaume katoka bafuni na taulo, kufumba na kufumbua yuko kwenye mashua, tiketi alizoshika zinageuka almasi, mara yuko juu ya farasi. Wakaenda nalo Cannes, kwenye tamasha la matangazo huko Ufaransa, wakarudi na tuzo kubwa. Kwa sabuni ya kuogea!

Mwaka huohuo Snickers wakamchukua Betty White, bibi mwigizaji wa miaka 88, wakambwaga kwenye tope katikati ya mpira wa Kimarekani. Kumbe ni kijana tu, njaa ndiyo imemgeuza bibi. Akitafuna chokoleti anarudi ujana wake. Ingekuwa njaa inageuza watu hivyo, ikifika tarehe ishirini na tano mtaa wetu mzima ni mabibi, mimi na ndevu zangu nikiwa wa kwanza.

Wahindi nao wana basi lao jangwani, watu wamejaa ndani, juu, ubavuni, barabara mashimo matupu, wanayumba wote na hakuna anayedondoka. Basi likipita ndipo unaona nyuma limebandikwa tangazo la gundi ya Fevicol. Eti wametia chumvi. Mimi nimepanda la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Ile kwetu ni taarifa ya habari. Na gundi hatupewi.

Yote hayo ningevumilia kama si shemeji yangu. Shemeji anakaa kwangu kwa muda. Muda gani, muulizeni dada yake. Kazi yake ni kushika rimoti, na wiki iliyopita aliona tangazo, kijana kajipulizia sprei kwapani, wanawake wakatoka mbio kwenye miti, majini, juu ya majabali, wote kwake. Hakulala. Asubuhi akaenda dukani kwa Mangi akanunua kopo, kwa hela ambayo mpaka leo sijaambiwa ilitoka wapi, ingawa bakuli la chenji juu ya kabati limekuwa jepesi.

Jioni ndiyo ananiita, "Shem, nisindikize. Wewe unajua sheria."

Mwanaume ukiambiwa unajua sheria unavaa kanzu. Nikavaa.

Tumefika, Mangi yuko nyuma ya nondo zake anapima sukari robo. Shemeji akaweka kopo dirishani.

"Mangi, hii haifanyi kazi."

"Haitoki?"

"Inatoka."

"Hainukii?"

"Inanukia."

"Sasa?"

"Hawaji."

"Kina nani?"

Shemeji akageuka kutazama foleni. Kulikuwa na mama wa mafuta ya kupima, mtoto aliyetumwa kiberiti, na fundi cherehani aliyekuja kukopa akaona bora asubiri burudani kwanza. "Wanawake," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Mangi hakucheka. Mangi hacheki akiwa ameshika hela ya mtu. "Ulipuliza ukaenda wapi?"

"Nikapanda daladala."

"Hakuna aliyesema kitu?"

"Konda. Alisema fungueni madirisha."

Hapo nikaona heshima ya ukoo inamwagika, nikakohoa, nikaingia. Nikamwambia Mangi suala hili lina nasaba ndefu. Mwaka 1996, Marekani, Pepsi walitoa tangazo: kusanya pointi zetu, pointi kadhaa unapata fulana, pointi kadhaa koti la ngozi, na pointi 7,000,000 unapata ndege ya kivita aina ya Harrier. Kijana wa kwenye tangazo anatua nayo shuleni. Mzaha. Lakini pointi zilikuwa zinanunulika, senti 10 moja, na mwanafunzi mmoja akapiga hesabu, akachangisha, akapeleka hundi ya dola 700,008.50. Ndege yenyewe thamani yake ilikuwa kama dola milioni 23.

"Akapewa?" akauliza fundi.

"Alipelekwa mahakamani New York. Mwaka 1999 Jaji Kimba Wood akaamua kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuamini tangazo lile ni ahadi ya kweli."

Foleni nzima, pamoja na mtoto wa kiberiti, wakamtazama shemeji.

"Basi kesi imekwisha," akasema Mangi. "Anayefuata."

Ningeondoka hapo na ushindi wangu. Lakini mama wa mafuta akauliza, "Na hundi yake, walikula?"

Na mimi kwa kupenda kusema kweli nikajibu, "Hapana mama, walimrudishia."

"Umesikia, Mangi!" shemeji akaruka. "Alirudishiwa! Shem kasema! Nirudishie!"

Mangi akalichukua kopo, akalitikisa sikioni, akalirudisha dirishani. "Yule hakupulizia."

Tukarudi nyumbani mimi na kanzu yangu.

Na hiyo ndiyo akili ya hawa watu. Red Bull, wale wa kinywaji cha kuongeza nguvu wanaotangaza kwamba kinakupa mabawa, mwaka 2014 walikubali kulipa dola milioni 13 kumaliza malalamiko Marekani, bila kukiri kosa. Mnadhani walishtakiwa kwa yale mabawa? Thubutu! Hakuna aliyedai kwamba amekunywa na mabawa hayakuota. Lalamiko lilikuwa kwamba nguvu wanayoinadi haizidi ya kahawa. Ungesema kinywaji chako kinamfanya mtu azae tembo, ungekuwa salama.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba nacheka. Nacheka kweli, na nikishacheka jina limeshaingia. Naijua gundi ya India na sina hata ubao wa kugundisha. Juzi mama Zuhura kanituma sabuni, nimefika dukani sikumbuki ipi, nakumbuka gundi! Halafu kuna lile tangazo la sabuni, la mtoto anayerudi na tope mpaka masikioni, mama yake anacheka, anamkumbatia. Anacheka! Na gauni jeupe! Maji yake yanatoka bombani saa zote, ndiyo maana. Zuhura akirudi hivyo hapa, na dumu moja la maji nimelisukumia toroli mwenyewe kutoka kisimani kwa watu, sicheki. Sichekiii! Nani kawaambia umaskini una muda wa utani?

Afadhali wauza dawa ya panya wa kwetu, wenye spika ya baiskeli inayorudia maneno yaleyale toka alfajiri. Panya akila anakwenda kufia nje, akifa hatoi harufu, anakauka. Nilinunua pakiti mbili. Wa kwangu wameila, wamenenepa, sasa wakikimbia darini unadhani kuna harusi. Nimemwita baba mwenye nyumba, anasema dari ni lake lakini panya ni wangu, kwa sababu waliingia mimi nikiwa mpangaji. Kodi ya miezi sita nimemlipa mbele. Kasema atakuja Jumamosi kuona. Jumamosi ipi, hakusema.