Sunny kapanda Mabatini

Nilikwama kwenye jalada. Hata ukurasa wa kwanza sijaufunua, tayari nimekwama.

Kila Jumamosi jioni, jua likianza kuinamia ziwani, watoto wa majirani hupanda kwenye jiwe lililoko nyuma ya nyumba tuliyopanga huku Mabatini. Aliyewahi kufika Mwanza anajua kwamba huku mtu anajenga pale jiwe lilipomruhusu. Letu ni bapa kama jamvi, linabeba watoto kumi na wawili bila kubanana. Mimi huja na kitabu. Kikiwa cha Kiswahili nasoma. Kikiwa cha Kiingereza natafsiri papo hapo, na nikikosa neno najikoholesha kidogo mpaka lije. Nadhani wamekwisha kunigundua, ila wananistahi.

Siku hiyo nilikuwa na Akata Witch, riwaya ya Nnedi Okorafor iliyotoka mwaka 2011. Ndiyo ya kwanza kati ya tatu. Akata Warrior ikafuata 2017 na Akata Woman 2022. "Anti, kinaitwaje?" akauliza binti wa dada yangu, ambaye hasikilizi hadithi isiyo na jina. Akata ni neno la kejeli wanalotumia Wanigeria kumwita Mweusi wa Marekani, na hilo ningelizunguka. Shida ni neno la pili. Kamusi yoyote itakwambia ni mchawi.

Kiingereza kimeshalifua neno lake hilo mpaka likatakata. Kwa mtoto wa Uingereza leo huyo ni mama wa kofia ndefu na paka mweusi, na mdoli wake unauzwa dukani. La kwetu halijafuliwa. Mganga anaweza kuwa mwema, anaweza kuwa tapeli, lakini mchawi ni mchawi. Na huku Usukumani neno hilo limemwaga damu. Kuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Mwanamke aliyepikia kuni na samadi miaka hamsini, macho yake yawe na rangi gani? Bibi yangu mzaa mama, kule Magu, alikuwa na macho hayo hayo. Basi nikajikoholesha, nikasema kitabu kinaitwa "Sunny".

Sunny Nwazue ana miaka 12. Kazaliwa New York, wazazi wake Wanigeria, na sasa wanaishi Aba, mji wa huko Nigeria. Ana ualbino. Anapenda mpira kuliko chakula, ila jua la mchana halimruhusu, kwa hiyo anacheza usiku na kaka zake. Shuleni wanamtukana. Halafu anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye uwezo wa kufanya mambo ambayo sisi wengine hatuyaoni, na kwamba kile kile anachochekewa ndicho kinachompa uwezo wake.

Usiku niliposoma mahali hapo peke yangu, nilifunga kitabu nikakaa. Hoja kwamba mwili wa mtu mwenye ualbino una nguvu isiyo ya kawaida huku kwetu ilishahubiriwa. Walioihubiri ni wapiga ramli, na walioilipia ni watoto. Kuanzia kama mwaka 2007 mikoa hii ya Mwanza, Shinyanga na Geita ilijulikana duniani kwa mauaji ya watu wenye ualbino kabla ya kujulikana kwa sato wala dhahabu, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli. Sasa anakuja mwandishi wa mbali, tena ninayempenda, anasema: ndiyo, binti huyu ana nguvu.

Nilikaa na hasira hiyo wiki mbili hivi. Kilichoiondoa ni kitabu chenyewe. Adui wa Sunny ni mtu anayeteka watoto ili ajipatie nguvu, na wanaotumwa kumkabili ni watoto wanne, yeye akiwa mmojawao. Okorafor anaijua vizuri imani ile ya kutisha na hakuizunguka. Kaiingiza ndani ya hadithi na kuipa sura ya muuaji. Nguvu ya Sunny haikatwi ikapelekwa kwa mtu. Ni ya kusomea, kwa mwalimu mkali, kwa adhabu na kwa kukesha. Ukikichukua kwa jina lake tu utamwelewa vibaya, na ndiyo maana naogopa siku mtu atakapokitafsiri kwa haraka.

Huwezi kuzungumzia hili bila Takadini ya Ben Hanson, kitabu ambacho maelfu ya wanafunzi wetu wa sekondari wamekisoma kwenye somo la Kiingereza. Mama anakimbia na mtoto wake ili jamii isimuue. Nakiheshimu. Kilipasua kimya darasani wakati ambapo neno zeruzeru lilikuwa bado linatamkwa mchana kweupe bila aibu. Ila ukweli wangu ni huu: Takadini anahurumiwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtoto wa miaka kumi hataki kuwa mtu wa kuhurumiwa kwenye hadithi. Sunny anakasirika, anakosea, anajisifu, anampiga mtu. Watoto wa jiweni walimtaka Sunny.

Katika kundi letu yumo binti mwenye ualbino. Sikumwandalia hotuba yoyote, nilisoma tu kama kawaida. Alisikiliza sura kadhaa akiwa amekumbatia magoti, kofia yake ya ukingo mpana ikiwa imemshuka hadi kwenye nyusi. Tukafika mahali ambapo Sunny, baada ya kuingizwa rasmi katika Watu wa Chui, jua linaacha kumuumiza, na anaingia uwanjani mchana kucheza mpira na wavulana. Wenzake wakashangilia. Yeye akauliza, "Kwa hiyo kofia kaitupa?" Nikasema kitabu hakisemi. Akasema, "Mwandishi amedanganya hapo."

Nakubaliana naye asilimia mia. Ni kosa kubwa pekee ninaloliona katika kitabu hicho, na watu wazima wengi wanaokisifu hawaligusi. Ukimpa shujaa ualbino halafu sura chache mbele ukamwondolea sehemu yake inayouma, umemkopesha tu. Binti yule anahitaji mafuta ya kujikinga na jua kila siku ya Mungu. Angependa kuona Sunny anafunga bao akiwa na kofia yake kichwani, ama anacheza mpira wa jioni mpaka watu wote wahamie mpira wa jioni.

Yapo yaliyotupendeza bila masharti. Katika ulimwengu ule, ukijifunza jambo jipya kwa kweli, sarafu ziitwazo chittim zinadondoka kutoka hewani, na kadiri ulichojifunza kilivyo kigumu ndivyo zinavyodondoka nyingi. Kijana mmoja wa darasa la tano, ambaye mama yake anauza dagaa Kirumba, alitulia kidogo kisha akasema angeshinda kwenye jedwali la kuzidisha mpaka banda lao liezuke. Na mamlaka ya Watu wa Chui yamekaa maktaba. Si ikulu, si kambi ya jeshi. Wazee wa maktaba ndio wanaotoa hukumu! Nilifurahi kama mtu aliyeona ndugu yake kwenye televisheni.

Nilipojaribu kueleza jamii ya siri ni kitu gani, sikuhitaji maelezo marefu. "Kama Bagika na Bagalu," akasema mmoja, na wenzake wakaitikia. Wameshapelekwa Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, mwezi wa sita kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo, wameona timu mbili za ngoma zikishindana kuvuta watu, kila upande na dawa zake, mmoja na nyoka shingoni. Mtoto wa Kisukuma anaingia katika kitabu hicho mlango ukiwa wazi nusu tayari. Ndiyo maana inaniuma kwamba anaingia kwa Kiingereza, au kwa kikohozi changu. (Kitabu cha tatu cha Sunny, niseme tu, kinachosha katikati, safari ndefu mno. Lakini Udide, buibui mkubwa anayedai chake, angetosha kuwa kitabu peke yake.)

Wengine huniuliza kuhusu Tomi Adeyemi, mwandishi mwingine wa riwaya za namna hii. Children of Blood and Bone ya 2018 niliimaliza kwa usiku mbili na nikachelewa kazini. Zélie ni binti wa moto, na nchi yake iliyonyang'anywa uwezo wake inaumiza kweli. Ila wasimulizi wanapokezana sura, na kufikia katikati nilikuwa nalazimika kurudi mwanzo wa sura kuona ni nani anasema, maana wote wana sauti moja. Kitabu cha tatu katika mfululizo huo, cha mwaka 2024, kinaleta adui mpya kutoka ng'ambo, na nilihisi kama mechi imehamishiwa uwanja mwingine dakika ya themanini. Jiweni sikukipandisha. Damu ni nyingi, na wale ni watoto.

Na vya kwetu? Hapa nitawaudhi baadhi ya marafiki. Vitabu vyetu vya watoto vya Kiswahili vina picha nzuri siku hizi, karatasi nzuri, lugha safi. Tatizo langu ni ukurasa wa mwisho. Fisi akishaadhibiwa kwa tamaa yake, chini yake kuna maswali matano, na la tano ni lile lile: hadithi hii inatufundisha nini? Naelewa. Mnunuzi mkubwa ni shule, na mchapishaji naye anakula. Lakini mtoto anajifunza mapema kwamba kila zimwi limebeba somo mgongoni, na zimwi lililobeba mzigo halikimbizi mtu.

Shaaban Robert alikuwa mwalimu kuliko wote, na bado katika Adili na Nduguze, mwaka 1952, alituwekea gavana anayechapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake. Maadili yamo tele, tena majina yenyewe ni mahubiri: Hasidi na Mwivu. Lakini jambo lile la usiku linatisha, na limeachwa litishe. Nililisimulia jiweni, hakuna aliyeuliza funzo. Waliuliza kama manyani walikuwa wanalia kwa sauti ya nyani au ya mtu.

Ninachokitaka ni rahisi kukisema. Okorafor atafsiriwe, na wenye uwezo huo wapo. Ida Hadjivayanis alitupatia Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu mwaka 2015, na mwaka 2022 akatuletea Peponi ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili kinachopumua. Lakini atakayemleta Sunny kwa Kiswahili asiweke mchawi kwenye jalada. Sijui aweke nini. Binti wa dada yangu amependekeza "Binti wa Chui", kijana wa dagaa anasema hilo linafanana na jina la basi.

Na waandishi wetu wa huku ziwani waandike zimwi, waachane kwanza na mchawi. Zimwi halina jirani atakayesingiziwa. Tunalo kubwa kuliko yote, Shing'weng'we, lililomeza kijiji chote na mifugo yake akabaki mwanamke mmoja mjamzito mafichoni. Akamzaa Masala Kulangwa, na huyo mtoto akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: watu wako wapi? Jumamosi iliyopita niliacha vitabu ndani, nikaisimulia kama bibi alivyonisimulia. Masala anaua mdudu, anarudi akiimba kwamba ameliua. Mama anasema silo. Anaua mnyama, anarudi akiimba. Silo. Mpaka siku inakuwa lenyewe, analipasua tumbo, na watu wanatoka mmoja mmoja wakipepesa macho kwa mwanga. Ila kisu kilipopita kilikata sikio la bibi kizee mmoja, na bibi yule akatoka tumboni mwa zimwi akiwa amekasirika kuliko zimwi lenyewe.

Kijitabu kimoja nilichowahi kukiona cha hadithi hii kimeliondoa sikio. Mimi nililiacha, na ugomvi uliozuka jiweni sijawahi kuuona. Nusu walisema bibi hana shukrani, kaokolewa halafu analalamika. Nusu wakasema Masala angepasua polepole. Yule binti wa kofia alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sikio ni la kwake. Amdai." Wakaanza upya. Giza likaingia, taa za wavuvi wa dagaa zikaanza kuwaka huko majini, mama mmoja akaita kutoka chini kwamba ndoo bado ziko tupu, na waliteremka kwenye mawe wakiwa bado wanabishana Masala alipe ng'ombe wangapi.