Mbwa wa mnyororo hakulindi, anakutafutia kesi tu

Nianze kujisema mwenyewe maana kwetu ndo tulikuwa mabingwa wa hii kitu. Nikiwa mdogo pale Kimara tulikuwa na mbwa anaitwa Popi, kafungwa kwenye mwembe kwa mnyororo wa duka la vifaa vya ujenzi, na kazi yangu mimi ilikuwa kumpelekea ugali na vichwa vya dagaa kila jioni nikitoka shule. Alivyoletwa alikuwa ananilamba miguu. Baada ya kama mwaka hivi nikawa namsukumia sahani kwa mti wa fagio, namuogopa kabisa, na mzee yeye anafurahi, anawaambia wageni "huyu sasa ameiva".

Chini ya ule mwembe kulikuwa na duara. Udongo umechimbika, hamna hata jani, na ukiliangalia tu unajua mnyororo unaishia wapi, sisi watoto tulikuwa tunasimama hatua moja nje ya duara tunamzomea. Sasa kama mtoto wa darasa la tatu anajua pa kusimama, mwizi je? Walikuja siku moja wakabeba pampu ya maji na nguo zote za kwenye kamba. Popi alibweka usiku kucha na hakuna aliyeamka, sababu alikuwa anabweka kila usiku, paka akipita anabweka, bodaboda ikipita anabweka, tulishazoea kama watu wa karibu na reli wanavyozoea treni.

Ndo maana nikisikia mtu anasema "mi namfunga kwa usalama" huwa najiuliza usalama wa nani. Mbwa akitishika ana mambo mawili ya kufanya, akimbie au aume. Ukimfunga umemnyang'anya la kwanza. Alafu akae miezi na miezi hajui mtu mwingine zaidi ya yule anayemletea sahani, kila anayepita ni adui na yeye hana pa kwenda, hapo hujafuga mlinzi, umefuga woga wenye meno. Na sio maneno yangu tu, kuna utafiti ulifanyika Denver kule Marekani ukatoka 1994, wakalinganisha mbwa waliouma watu na ambao hawajauma, waliokuwa wanafungwa mnyororo uani walionekana kuwa karibu mara tatu zaidi kwenye kundi la waumaji. Wenzetu wengine wameshatunga sheria kabisa, California tangu 2007 huruhusiwi kumfunga mbwa sehemu moja zaidi ya masaa matatu kwa siku.

Mwaka jana hapa ninapokaa sasa hivi mbwa wa jirani alikata mnyororo saa moja asubuhi. Unaambiwa mnyororo ule ulikuwa umeliwa na kutu kwenye pete, mtu hajauangalia toka aufunge. Aliyekuwa anapita ni mtoto katumwa vitumbua. Alimng'ata juu ya goti, vitumbua vimetawanyika barabarani, na yule mbwa baada ya kuuma alisimama tu pale anatetemeka, hajui hata aende wapi. Zahanati ya kwanza tuliambiwa chanjo hamna, ya pili hamna, ya tatu ipo ila lipa kwanza, na mama wa mtoto anauza genge. Kadi ya chanjo ya mbwa? Mwenye mbwa akasema "huyu hatoki, chanjo ya nini".

Hapo ndo watu wengi wanapojidanganya. Mbwa koko mwenye kichaa hahitaji mbwa wako atoke, anamfuata palepale alipofungwa, na wako hawezi hata kukimbia. Ugonjwa huu dalili zikishatoka karibu kila mtu anakufa. Kidunia wanakadiria watu kama 59,000 kwa mwaka, na wengi ni wa Afrika na Asia, na kama asilimia 40 ya wanaong'atwa ni watoto chini ya miaka 15. Ukiumwa osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima, alafu kimbia hospitali, mambo ya kupaka tumbaku na mafuta ya taa achaneni nayo.

Najua mtaniambia "kwahiyo tuwafungulie wazurure?" Hapana jamani, sijasema hivyo. Kama una fensi na geti mwache atembee ndani ya uwanja. Kama huna, jenga banda ambalo anaweza kugeuka na kunyoosha miguu, mtoe asubuhi na jioni, mpeleke chanjo, mhasi. Kama vyote hivyo huwezi basi usifuge, nunua taa ya nje na kufuli la maana. Na kwa sisi tunaosema mbwa ni najisi, sawa, ila madrasa si tulifundishwa kisa cha yule aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa? Mi kila nikipita naona mabakuli ya maji yamepinduka nusu mita nje ya urefu wa mnyororo, jua la saa saba.

Jirani yangu baada ya kulipia zile sindano kaweka wavu kuzunguka uwanja, na mnyororo kautoa. Juzi nilichungulia. Mbwa yuko huru uwanja mzima, ila akitoka pale kwenye nguzo anatembea mpaka mwisho wa lile duara la zamani, anasimama, anageuka.