Tusipike matokeo ya maabara

Mwaka wa kwanza wa shahada yangu ya kemia nilifuta namba moja kwenye daftari la maabara. Ilikuwa 23.85.

Siku hiyo tulikuwa na titresheni, yaani kupima asidi ina nguvu gani kwa kuitilia kinyume chake, alikali, kidogo kidogo hadi asidi iishe. Asidi ipo kwenye chupa chini, alikali ipo juu kwenye bureti, neli ndefu yenye vipimo na koki, na ndani ya chupa umetia matone mawili matatu ya fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi alikali ikizidi. Unafungua koki taratibu kwa mkono mmoja, mwingine unaizungusha chupa. Rangi ya waridi inazuka pale tone linapoangukia, inapotea, inazuka tena, kila mara inachelewa kidogo kupotea. Mwisho linaanguka tone moja na chupa nzima inabaki na waridi hafifu sana, kiasi kwamba unaweka karatasi nyeupe chini yake ili uione vizuri. Ikidumu nusu dakika, umefika, unasoma bureti. Waridi ikikoza, umeshapitiliza, anza upya.

Nilifanya mara tatu. Nikapata mililita 23.85, kisha 23.40, kisha 23.45. Hizi mbili za mwisho zilikubaliana, ile ya kwanza ikakaa peke yake. Muda ulikuwa umekwisha, watu wanaosha vyombo, na mimi sikutaka ripoti yangu ionekane ya mtu asiyejua kazi. Nikaifuta 23.85, nikaandika 23.45. Nikapata alama nzuri.

Sababu ya ile tofauti niliijua miezi mingi baadaye, kwa bahati, nikimwangalia fundi wa maabara akiandaa bureti. Aliijaza, akafungua koki ghafla na kuacha kimiminika kitoke kwa nguvu kidogo, kisha akainama kuitazama ncha ya chini. Nilipomuuliza anatafuta nini, akaniambia anatafuta kiputo. Kama chini ya koki kumebaki kiputo cha hewa, kitatoka wakati unatitrisha, na alikali itaijaza nafasi yake. Bureti itasema umemimina, lakini kiasi hicho hakijafika kwenye chupa. Kosa hilo linaongeza usomaji wa mara ya kwanza tu, kwa sababu kikishatoka, kiputo hakirudi. Nilisimama pale nikiikumbuka 23.85 yangu. Sina njia ya kuthibitisha leo kwamba ni kiputo kilichonipotosha, na kinachoniuma ni hicho hasa. Ushahidi niliufuta kwa mkono wangu.

Naandika haya kwa sababu sasa nasahihisha ripoti za wengine, na naiona ile namba iliyofutwa karibu kila wiki. Naiona hata pale ambapo haikufutwa, maana kuna namba zinazokubaliana kupita kiasi. Mtu ametitrisha mara tatu na alikali aliyoitengeneza mwenyewe kwa kupima sodiamu haidroksaidi kwenye mzani, na mkusanyiko wake, yaani kiasi kilichoyeyuka katika kila lita, umetoka sawasawa na wa kitabuni hadi tarakimu ya nne. Haiwezekani. Sodiamu haidroksaidi inanyonya unyevu na kabonidioksaidi kutoka hewani. Iache kwenye mzani, utaiona namba inapanda na hujaongeza kitu. Ndiyo maana hatuuamini uzito wake, tunaipima kwanza dhidi ya chumvi tulivu kama potasiamu hidrojeni fthaleti ndipo tujue tuna alikali ya nguvu gani. Jibu lililonyooka kiasi hicho kutoka kwa kitu kisichonyooka limepikwa.

Lakini sikubaliani na wanaosema vijana hawa ni wavivu. Tatizo kubwa liko kwetu tunaotoa alama. Tukitoa alama kwa kuangalia jibu la mwanafunzi limekaribia kiasi gani jibu tulilo nalo mkononi, tumemfundisha kitu kimoja tu: atafute jibu tulilo nalo. Na hatalikosa. Ripoti za waliotangulia zinazunguka, zoezi ni lilelile kila mwaka. Mpe mtu saa tatu, bureti moja kwa watu wanne, na adhabu kwa kila tarakimu iliyopotoka, halafu umwombe awe mkweli. Unamwomba makubwa.

Na hasara yake si ndogo, maana katika kemia kitu kipya mara nyingi hujitokeza kwanza kama namba isiyokubali kukaa sawa. Mwaka 1785 mwanasayansi Mwingereza Henry Cavendish aliifungia hewa kwenye neli, akaipitishia cheche za umeme pamoja na oksijeni ya ziada hadi nitrojeni yote aliyoweza kuimaliza ikaisha. Kikabaki kiputo kidogo kisichokubali kumenyuka, kisichozidi sehemu moja kwa 120 ya ile nitrojeni. Angeweza kusema ni uchafu. Badala yake alikiandika pamoja na ukubwa wake, akaendelea na kazi.

Ikapita zaidi ya karne. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alikuwa anapima uzito wa nitrojeni. Lita moja ya nitrojeni iliyotolewa hewani ilimpa gramu 1.2572, na ile iliyotengenezwa kutokana na misombo ya kikemia gramu 1.2505. Tofauti ni miligramu kama saba, nusu ya asilimia. Mimi wa mwaka wa kwanza ningeifuta bila kufikiri mara mbili. Yeye mwaka 1892, tofauti ikiwa bado ndogo kuliko hiyo, aliitangaza kwenye jarida la Nature, akawaomba wanakemia wamsaidie kuielewa. Na alipoendelea kuichunguza hakutafuta njia ya kuipunguza ile tofauti, alitafuta njia ya kuikuza ili aione vizuri zaidi. Jambo hilo linanigusa kila nikilisimulia. Mwanakemia William Ramsay akaipitisha nitrojeni ya hewani juu ya magnesiamu ya moto, ikanyonywa, na kilichobaki kilikuwa gesi ambayo hakuna aliyewahi kuitambua. Mwaka 1894 dunia ikaambiwa kuna agoni, na kwamba inakaribia asilimia moja ya hewa tunayoivuta. Kile kiputo cha Cavendish kikapata maelezo yake, kwa kuwa kilikuwa kimeandikwa. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, Ramsay ya kemia.

Kuna wanaoniambia kwamba shahada ya kwanza si mahali pa kugundua gesi mpya. Kweli. Mwanafunzi anajifunza mambo ambayo wengine wameshayamaliza, na ana mzigo mzito: mishale ya kupinda ya kemia oganiki, thermodinamiki, spektra, hesabu za kwanta. Lakini hata huko kwenye nadharia tunamfundisha ukweli wa aina hii. Mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza tabia ya elektroni, tunautatua kikamilifu kwa atomi ya haidrojeni, na tukifika tu kwenye heli tunakiri kwamba tunakadiria. Kwa nini tukiri darasani na tufiche maabara?

Ninachokiomba kwa wanaofundisha ni kwamba sehemu kubwa ya alama iende kwenye daftari lenyewe: kila usomaji uwemo, kwa kalamu ya wino, lililokosewa likatwe kwa mstari mmoja unaoruhusu kulisoma, na pembeni iandikwe sababu unayoidhania. Jibu lililo mbali na kitabu lakini limeelezwa vizuri lipate alama zake kamili. Na muda wa kurudia uwepo, hata kama itabidi kupunguza idadi ya mazoezi. Mimi ningekubali mazoezi sita yaliyorudiwa badala ya kumi na mawili yaliyokimbizwa.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliniletea matokeo ya zoezi la kutengeneza aspirini. Alianza na gramu 2.00 za asidi ya salisili, kwa hiyo kwa hesabu hawezi kupata zaidi ya gramu 2.61. Alikuwa na 2.92. Asilimia 112. Alikuja kwa sauti ya chini kama mtu aliyekosa adabu, akaniuliza, "Samahani mwalimu, niandike asilimia 85?" Nikamuuliza, hizo gramu za ziada zimetoka wapi? Akaitazama fuwele yake, akaigusa kwa kijiti, ikashikana. "Ina maji," akasema, na uso ukafunguka. Akaiacha ikauke hadi kesho yake. Mzani ukampa 2.09, yaani asilimia 80. Akatia punje chache kwenye neli pamoja na feri kloridi kuona kama kuna asidi ya salisili iliyobaki, ikatoka zambarau hafifu, dalili kwamba imebaki kidogo, akaiandika nayo.

Kwenye daftari lake 2.92 bado ipo, imekatwa kwa mstari mmoja, na pembeni kuna neno moja: mbichi.