The Everly Brothers: nyimbo zao bora, au marudio yake?

Mwaka 1964 kampuni ya Warner Bros. ilitoa The Very Best of The Everly Brothers, mkusanyiko wa nyimbo 12 za ndugu wawili wa Kimarekani, Don na Phil. Bye Bye Love imo, Wake Up Little Susie imo, Cathy's Clown pia. Lakini aliyezizoea nyimbo hizi tangu zilipotoka hushtuka mapema: nusu ya santuri si zile rekodi zilizowapa jina. Waimbaji ni walewale na maneno ni yaleyale, ila zimeimbwa upya.

Chanzo ni umiliki. Kati ya 1957 na 1960 ndugu hawa walirekodi kwa Cadence, lebo ndogo ya Archie Bleyer. Walipohamia Warner, rekodi za awali zilibaki Cadence. Warner ilikuwa na Cathy's Clown, iliyoshika namba moja Marekani na Uingereza mwaka 1960, lakini zilizoitangulia haikuwa nazo. Ikawaingiza studio wazirudie.

Wanaoutetea mkusanyiko huu wana hoja nzito. Mwimbaji hawezi kunyimwa wimbo aliouimba mwenyewe. Watunzi hawakupunjwa pia: haki ya utunzi ni tofauti na haki ya rekodi, kwa hiyo Felice na Boudleaux Bryant, mume na mke waliotunga Bye Bye Love, walistahili malipo yao kwa toleo lolote. Na sauti zilikuwa bado nzima. Don chini, Phil juu, wanavuta pumzi pamoja na kufunga neno pamoja, kama walivyozoea tangu utotoni katika kipindi cha redio cha familia yao huko Shenandoah, Iowa.

Wengine humtaja Taylor Swift, ambaye kati ya 2021 na 2023 alitoa albamu zake nne za zamani alizozirekodi upya, akashangiliwa. Mfano huo kwangu unaubana utetezi kuliko kuusaidia. Swift aliandika wazi kwenye jalada kwamba hilo ni toleo lake, na alirudia ili amiliki kazi yake. Marudio ya 1964 yalikuwa mali ya Warner. Ndugu hawa walitoka mikononi mwa lebo moja wakaimba tena kwa faida ya nyingine.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya umiliki. Wake Up Little Susie ni kisa cha kijana na msichana waliosinzia kwenye sinema, wakaamka usiku wa manane wakiwaza watawaambia nini wazazi. Waliporekodi wimbo huo 1957, Don alikuwa na miaka 20 na Phil 18. Hofu ile ilikuwa ya rika lao. Mwaka 1964 Don alikuwa na 27, Phil 25, wanaume waliokwisha kupita jeshini na kuzunguka dunia. Wanaimba vizuri, pengine kwa utulivu zaidi, lakini utulivu ndio hasa usiotakiwa pale. Vivyo hivyo Bye Bye Love: lile gitaa la Don linalochapwa kabla sauti hazijaingia lilikuwa ubunifu wake mwenyewe, na mwaka 1957 lina haraka ya mtu ambaye hajui kama atapata nafasi ya pili.

Kwa hiyo siwezi kuutupa mkusanyiko huu, wala kuupa jina unalojipa. Cathy's Clown, Walk Right Back na Crying in the Rain zilizomo ndizo rekodi halisi, na ni hazina. Kwa zile za mwanzo, tafuta santuri ya Cadence Classics, iliyotolewa na lebo ya Rhino mwaka 1985 ikiwa na nyimbo 20. Na kwenye mitandao ya muziki, tazama mwaka na lebo kabla ya kubonyeza, maana jina la wimbo peke yake halikwambii unasikiliza lipi.