Rampu ya Mita Mbili

Hesabu ya rampu, ile njia ya mteremko ya kupandishia kitimwendo, haina siasa. Kila sentimita 1 ya kupanda inadai 12 za kwenda mbele. Kanisa la zamani la misheni hapa Tabora, ambalo siku hizi ni makumbusho, lina ngazi tatu mlangoni, kila moja sentimita 17. Jumla 51. Zidisha kwa 12, unapata mita 6 na kidogo. Nilipopewa kazi ya kuichongea rampu, nikaiandikia kamati ya makumbusho hivyo. Kamati ikajibu kwamba mita 6 zitafunika maua, nichonge 2.

Nikachonga, ila kwenye stakabadhi nikaandika kwa wino mwekundu: hii si rampu, hili ni paa.

Siku ya kufungua, mgeni wa kwanza alikuwa mzee mmoja mstaafu wa reli, yuko kwenye kitimwendo. Shikamoo zilipokwisha akaitazama ile kazi. "Mwanangu, moja kwa nne? Hata treni ya Mpanda hawaipandishi hapa!"

Na hapo alikuwa hajajua la nta. Mhudumu wa usafi, kwa heshima ya wageni, alidamka akaipaka rampu nta ya sakafu, akaisugua kwa tambara mpaka ukijiangalia unajiona. Mninga uliopigwa randa unateleza hata bila nta. Ulitakiwa upakwe rangi, na kabla haijakauka inyunyiziwe mchanga mkavu uliochekechwa.

Vijana wawili wakasukuma. Walipofika katikati, kandambili za mmoja zikamsaliti. Mzee, kwa uzoefu wa kazi, akavuta breki. Sasa, breki ya kitimwendo inazuia gurudumu lisizunguke. Nta haihusiki na amri hiyo. Magurudumu yakatulia tuli, kiti kikaondoka. Kikashuka kinyumenyume, mwanzo polepole, mara si polepole tena, mzee ameketi kwa adabu zake zote anapiga honi kwa mdomo: "Piiii! Piiii!" Ukingo wa sentimita 5 niliouweka pembeni ukayaokoa maua ya kamati, ukamwelekeza mzee moja kwa moja kwenye beseni la mama muuza embe. Dodo zikatawanyika uwanja mzima. Mzee hakupata hata mchubuko. Aliokota moja iliyopasuka, akaanza kuila.

Akabebwa juujuu hadi mlangoni. Mlango una mbawa mbili, linafunguliwa moja: sentimita 60. Kiti, 66. Bawa la pili lilishikwa na komeo la chini, limeganda kwenye tundu lililojaa vumbi na nta. Kijana akaja na nyundo, nikamfukuza. Komeo la zamani linamwagiwa mafuta ya taa, linasubiriwa, halafu mmoja ananyanyua bawa kidogo ili uzito usilielemee huku mwenzake akilisukuma komeo juu kwa bisibisi. Likatoka. Sentimita 120, mzee akaingia kifalme.

Ndani, rafu za kioo zenye vyombo vya misa zinaanzia sentimita 120 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyeketi, na kwenda juu. Mzee akazunguka ukumbi wote, akatoka.

"Umeonaje, babu?" mwenyekiti akamwuliza.

"Nimeona vitako vya vikombe. Visafi kweli."

Kamati ikakubali mita 6 na kidogo hapohapo: 3.06, kituo cha mita 1.5 cha kugeuzia kiti, kisha 3.06 nyingine, isimame yenyewe bila msumari hata mmoja kwenye ukuta wa zamani. Mwenyekiti akanigeukia, "Na kushusha rafu ni shilingi ngapi, fundi?"

Mzee akaniwahi. "Anzeni na za embe. Yule mama bado yuko pale nje."