Mwanafunzi wa geto na mzee wa Kagera hawanywi kwa sababu moja

Hapa Tabora walevi wote tunawapa hotuba moja. Mwanafunzi wa chuo anayeokotwa mtaroni siku bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, lilipoingia, na mzee aliyepigana Uganda mwaka 1979 ambaye saa nne asubuhi yuko kilabuni na kopo la wanzuki, wote wanaambiwa: acha pombe, mrudie Mungu, fikiria watoto wako. Kijana mwenyewe hana mtoto, lakini anaambiwa hivyohivyo. Sina ugomvi na dini wala na wazee wa mtaa wanaotoa mawaidha hayo. Ugomvi wangu ni na uvivu wetu wa kutouliza mtu anakunywa kwa nini.

Wanasaikolojia wa Marekani wameliuliza swali hilo kwa miaka mingi, na makundi waliyoyachunguza sana ni hayohayo mawili: wanafunzi wa vyuo na maveterani wa vita. Ukisoma walichokipata, unaona ni shida mbili tofauti zilizokutana kwenye chupa.

Nianze na kijana, maana shida yake ni nyepesi kuieleza. Mwaka 1986 watafiti Perkins na Berkowitz waliwauliza wanafunzi wa chuo kimoja cha jimbo la New York: wewe unauonaje ulevi, na unadhani wenzako wanauonaje? Wengi walijiona wao wana kiasi, wenzao ndio hawana. Sasa kama karibu kila mtu anasema hivyo, hao wenzao ni akina nani? Kijana anashindana na kundi ambalo halipo. Hata uchunguzi mkubwa wa Harvard wa mwaka 1993, uliofanyika katika vyuo 140, uliwashtua wazazi kwa kuonyesha kwamba asilimia 44 ya wanafunzi walikuwa wamekunywa kwa fujo ndani ya wiki mbili zilizopita, yaani vinywaji vitano au zaidi kwa mkao mmoja kwa mwanamume, vinne kwa mwanamke. Maana yake zaidi ya nusu hawakufanya hivyo, ila hao hawakuandikwa magazetini.

Kwetu ni yaleyale. Bumu likiingia, status za WhatsApp zinajaa chupa na nyama choma. Yule aliyelipa deni la mama ntilie, akanunua mchele wa mwezi na kulala saa tatu, hajipigi picha. Mwaka wa kwanza aliyetoka Sikonge au Nzega anafungua simu, anaona chuo kizima kinapiga vyombo, naye hataki kuonekana mshamba. Nadhani sisi tunadanganyana zaidi ya Wamarekani, maana vyuoni mwetu wamejaa Waislamu na walokole wasioonja kabisa, na bado mwanafunzi yeyote ukimuuliza atakwambia, "Hapa watu wanakunywa balaa."

Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, alijenga baa ndani ya idara yake, kaunta na kila kitu. Watu walipewa vinywaji visivyo na kilevi wakaaminishwa ni pombe, wakachangamka kama waliolewa kweli. Yeye na wenzake wakabuni utaratibu wa kukaa na mwanafunzi mara mbili tu: anaeleza anavyokunywa, kisha anaonyeshwa kiasi chake kando ya kiasi halisi cha wenzake. Hafokewi, wala halazimishwi kuacha kabisa. Kwa hilo Marlatt alipingwa sana na watu wa msimamo wa kuacha moja kwa moja, na naamini angepingwa zaidi hapa. Alifariki mwaka 2011, lakini utaratibu wake bado unatumika vyuoni. Kuuanza kwetu kunahitaji rimu ya karatasi zisizoandikwa majina, za kumuuliza kila mmoja anakunywa kiasi gani, wiki ya kupokea mwaka wa kwanza, na mtu wa kubandika majibu kwenye ubao wa matangazo. Serikali ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya pakiti ndogo, Machi 2017, na ilifanya vema, maana kiroba kiliingia hata kwenye mfuko wa sare ya shule. Ila chupa ndogo ya plastiki nayo inaingia mfukoni.

Mzee ni habari nyingine kabisa.

Baba yangu mdogo alikuwa mgambo. Novemba 1978 Mwalimu alipolitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, jeshi liliongezwa haraka kwa mgambo, JKT, polisi na magereza. Watu walitoka kwenye mashamba ya tumbaku wakaenda Kagera, Aprili 1979 Kampala ikaanguka, kisha wakarudi kwenye tumbaku. Hotuba ile hadi watoto wa shule wanaikariri. Waliorudi walilalaje usiku, hakuna hotuba iliyogusa.

Nyumba yao iko karibu na stesheni. Usiku mabehewa ya mizigo yakiunganishwa, chuma kikigonga chuma, mzee anaruka kitandani. Mama mdogo hamwamshi kwa kumgusa. Anasimama mlangoni na kuita, "Baba Shija, Baba Shija," mpaka ajibu kwa sauti yake ya siku zote, ndipo anaingia na taa. Alikojifunzia hivyo hajawahi kusema. Mchana kilabuni mzee anachagua benchi la ukutani, uso mlangoni, na akikuta pamekaliwa anasubiri amesimama. Mtaani wanamwita mlevi tu. Mimi niliyekulia pale najua anatafuta usingizi.

Marekani nayo ilichelewa. Kiwewe cha vita kilipata jina lake rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili mwaka 1980, miaka mitano baada ya Saigon kuanguka na vita vya Vietnam kwisha. Bunge lao likaagiza uchunguzi wa maveterani wa Vietnam, ukaonyesha kwamba karibu wanaume 31 kwa kila 100 waliotumikia vitani walikuwa wamepata hali hiyo wakati fulani maishani, na 15 walikuwa nayo bado. Pombe mara nyingi huandamana nayo, na si ajabu. Inaleta usingizi haraka, lakini ikianza kuisha mwilini usingizi unakatika alfajiri na ndoto zinarudi kwa nguvu. Kesho yake anahitaji kopo la ziada.

Hapo ndipo hotuba yetu ya "acha kwanza" inapomuumiza. Hata madaktari walishikilia kwa muda mrefu kwamba mtu aache ulevi kwanza, kiwewe kitatibiwa baadaye. Mwaka 2012 watafiti wa Sydney walichapisha matokeo ya kutibu yote mawili kwa pamoja: kiwewe kilipungua zaidi, na watu hawakuzidisha ulevi kwa sababu ya kuguswa kumbukumbu zao, jambo ambalo wengi walikuwa wakiliogopa. Ukimnyang'anya mzee kopo bila kumpa kitu cha usiku, umemwachia ndoto peke yake.

Najua nitakachojibiwa: wanasaikolojia tutawatoa wapi, na ukimtajia mtu mwanasaikolojia anadhani unampeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini tusiangalie Marekani tu. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe wasio madaktari walifundishwa kuwatibu wenzao wa Rwanda na Somalia kwa kuwasaidia kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi leo, mabaya yakiwa mahali pake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikuwa mazuri. Sisemi kila mwenye kalamu aanze kuwahoji wazee, maana kufukua bila kujua kufukia ni hatari. Nasema kazi hii inafundishika kwa wahudumu wa afya wa jamii tulionao, na wazee wa 1979 hawana miaka mingi ya kutusubiri.

Na haliishii kwa wazee. Tangu mwaka 2013 vijana wetu wamekuwa mashariki ya Kongo chini ya Umoja wa Mataifa, na Desemba 2017 kule Semuliki waliuawa zaidi ya kumi kwa usiku mmoja. Waliorudi salama ni watu wa makamo, wengine bado vijana, wanakaa baa moja na wanafunzi wa chuo na kuagiza bia zilezile. Mhudumu wa zahanati hawezi kuwatofautisha kwa kuhesabu chupa. Amuulize kila mmoja usiku analalaje, na aliulize kabla ya swali la pombe.